Kabla Hujamlipa Mwalimu: Tulivyotafuta wa Kutufundisha Kihispania Kamembe



Ndugu msomaji, somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hulifanya kwa pupa: kumtafuta mwalimu wa binafsi. Mfano wangu ni Kihispania, lakini hata wewe unayetafuta wa kukufundisha hesabu, kompyuta au Kiarabu utapata fungu lako humu. Ninaliandika kwa sababu niliwapotezea wenzangu fedha zao, na sipendi mwingine apite njia ileile.

Ilivyoanza

Tulikuwa wanne, ndugu wawili na dada wawili, wote wanafunzi wa hapa Rusizi. Msitu wa Nyungwe uko mlangoni petu, na tangu 2023 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni hupita Kamembe wakienda Gisakura kuuingia. Wa kuwaongoza kwa Kiingereza na Kifaransa wapo wengi, ila wa Kihispania hatukumjua hata mmoja. Na Kihispania si lugha ndogo. Ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo ikiwa hapa Afrika, yaani Guinea ya Ikweta, na ni miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Tukaona hapo pana riziki.

Kila mmoja akatoa faranga 15,000. Dada mmoja, mwenyeji wa Bugarama, alipewa fungu lake na mama yake baada ya kuuza mchele. Zote 60,000 zikawekwa mikononi mwangu.

Tukaelekezwa kwa kijana mmoja aliyesemekana kuishi Hispania. Tulipokutana naye alizungumza Kihispania kwa kasi, nasi tukabaki tumeduwaa. Siku ileile nikamtumia kwa MoMo malipo ya miezi mitatu. Sikumwuliza amewahi kumfundisha nani. Sikumwuliza tutaanzia wapi na kuishia wapi. Hatukuandikiana hata mstari mmoja.

Vipindi vinane tukaimba salamu: hujambo, sijambo, jina langu ni fulani, nimefurahi kukuona. Hatukusahihishwa hata mara moja. Kipindi cha tisa hakuja, akasema amepata safari. Baada ya hapo simu yake ikanyamaza.

Wiki hiyohiyo nilikuwa stendi ya Kamembe. Wageni wawili wakazungumza wao kwa wao, nikatambua ni Kihispania. Nikawasogelea kwa kujiamini, nikawasalimu. Wakafurahi sana, wakaniuliza: «¿De dónde salen los coches para Nyungwe?» Walitaka kujua magari ya kwenda Nyungwe yanaondokea wapi. Nikawajibu kwa sauti: «Muy bien, gracias.» Nzuri sana, asante. Wakatazamana. Magari yenyewe yalikuwa nyuma yangu, hatua kumi tu.

Jioni ile ikanibidi niwaambie wenzangu ukweli. Yule dada wa Bugarama hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: «Kaka, nimwambie nini mama?»

Masharti kabla ya safari

Simtaji yule kijana, wala simtupii mzigo wote. Fedha zilikuwa amana, na aliyezikabidhi bila kuuliza ni mimi. Nilipokuwa nikilitafakari jambo hili nilikumbuka kisa tunachokisoma kila Ijumaa katika Suratul Kahf, cha Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema tunayemwita Khidhr. Angalia mpangilio wake. Musa alisafiri mpaka akachoka ili amfikie mwalimu. Alipomfikia aliomba kwa adabu amfuate ili afundishwe. Mwalimu naye hakumficha kitu: alimweleza ugumu ulio mbele, akataja sharti lake, na Musa akalikubali kabla hawajapiga hatua. Sharti lilipovunjika mara ya tatu waliachana, lakini mwalimu hakuondoka mpaka alipomfafanulia mwanafunzi wake yote aliyoyaona.

Humo mna mambo manne: kumtafuta mwalimu kwa juhudi, kuelewana mapema, kujua ni lini mtaachana, na kuachana pasipo deni la maelezo. Mimi nilikosa yote manne. Kwa hiyo tulipoanza upya tulijiwekea hatua hizi.

1. Jua unachotaka kukifanya na lugha

«Nataka kujua Kihispania» halimsaidii mwalimu. Sema: nataka baada ya miezi sita niweze kumwongoza mgeni msituni kwa saa mbili. Au: nataka kufanya mtihani wa DELE, ambao husimamiwa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania iliyoanzishwa 1991. Mtihani huo una ngazi sita, kuanzia A1 ya wanaoanza hadi C2. Anayejiandaa kwa mtihani anahitaji sana kuandika, na anayetaka kuongoza wageni anahitaji sana kusikia na kujibu. Huenda hao wakahitaji walimu wawili tofauti.

2. Omba kipindi kimoja cha majaribio

Mlipie hicho kimoja, kisha ukitoka jiulize maswali matatu. Nani aliongea zaidi, yeye au mimi? Alinisahihisha mara ngapi? Je, ninaweza kutunga sentensi ambayo yeye hakuitamka? Ukifundishwa «Vivo en Kamembe», yaani ninaishi Kamembe, unapaswa kutoka ukiweza kusema unaishi Bugarama. Ukitoka na ile ya Kamembe peke yake, umekariri tu.

Hapo ndipo tulipomjua mwalimu wetu wa pili, mzee mmoja mwenye asili ya ng'ambo ya Mto Rusizi, aliyesoma Cuba ujanani. Nilipotaka kumpa malipo ya mwezi mzima alicheka.

«Mwanangu, hujanijua. Kaa kwanza.»

Kwa dakika arobaini alituacha tuseme sisi, na kila tulipoteleza alitusimamisha. Sisi wenye Kinyarwanda kinywani huchanganya R na L bila hata kusikia tofauti. Akaandika maneno matatu: «pero» ni lakini, «pelo» ni nywele, «perro» yenye R ya kutetemesha ni mbwa. Nilisema nina mbwa kichwani. Tulicheka, lakini hakuniachia mpaka niliposema sawa. Vipindi vinane vya mwanzo sikuwahi kusahihishwa, na siku ile nilisahihishwa mara kumi na tisa. Nilihesabu.

3. Mwalimu ajenge juu ya lugha ulizonazo

Sisi hatuanzi mikono mitupu. Tuna Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, na Kiarabu kidogo cha madrasa. Mwalimu mzuri atavitumia. Irabu tano za Kihispania, a, e, i, o, u, husomwa karibu sawa na zetu. Herufi ñ ni NY yetu. J yake iko karibu na KH ya Khadija. Z wanayoitamka watu wengi wa Hispania ni TH ya thelathini, ilhali Amerika ya Kusini huitamka kama S.

Katika vitenzi, sisi tunaweka nafsi mwanzoni, wao wanaiweka mwishoni: ninasema ni «hablo», unasema ni «hablas», tunasema ni «hablamos». Kitenzi cha kuwa, kinachowasumbua wengi, wao wanavyo viwili. «Soy estudiante» ni mimi ni mwanafunzi, «estoy en Kamembe» ni niko Kamembe. Kiswahili chako kimekwisha kutenganisha NI na KO, kwa hiyo nusu ya somo unayo tayari. Nusu nyingine ni ya hali za kupita: nimechoka ni «estoy cansado», na dada atasema «cansada».

Kisha yapo maneno. Waislamu waliingia Andalusia mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho huko, ilianguka 1492. Karne hizo karibu nane ziliacha Kiarabu kingi ndani ya Kihispania, na Kiarabu hichohicho kilifika pwani yetu kwa majahazi. Ndiyo maana sukari ni «azúcar», fulani ni «fulano», msikiti ni «mezquita», na hata ni «hasta». Kadhi, hakimu, kwao akawa «alcalde», meya wa mji. Neno «ojalá», la kuonyesha matumaini, limetokana na Kiarabu cha kumtaja Mwenyezi Mungu na matakwa yake. Wareno nao walituachia meza na bendera, ambazo kwa Kihispania ni «mesa» na «bandera». Ila uwe macho: «tarifa» ni orodha ya bei, si taarifa ya habari.

4. Andikianeni, na mlipe kwa wakati

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuelekeza kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Malipo ya miezi mitatu mbele ni deni la mwalimu kwako. Karatasi moja inatosha: idadi ya vipindi, siku na saa, malipo, nini kitafanyika mmoja wenu asipofika, na notisi ya kuacha. Mtu mwema hatachukia kuandikiwa.

Upande wako nawe ni huo. Ipo hadithi aliyoipokea Ibn Majah inayotuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Mzee wetu tunamlipa kila kipindi kinapokwisha, mkononi, kabla hatujatoka. Hajawahi kutukumbusha.

5. Chungeni adabu za kukaa

Dada kukaa chumbani peke yake na mwalimu wa kiume, au ndugu na mwalimu wa kike, si katika adabu zetu, na asikwambie mtu kwamba elimu inahalalisha hilo. Sisi tunasoma kwa kikundi, mahali pa wazi, mlango ukiwa wazi. Faida yake nyingine ni gharama: malipo ya mmoja yanagawanywa, na mnapata wa kuzungumza naye siku ambayo mwalimu hayupo. Panga vipindi visigongane na sala, na mwambie mwalimu mapema kuhusu Ramadhani.

6. Akikosekana karibu, mtafute mtandaoni

Majukwaa kama italki na Preply huonyesha walimu, bei zao kwa saa na maoni ya waliosoma kwao, na unaweza kuanza na kipindi cha majaribio. Kanuni ni zilezile za namba 2. Angalia na saa: Colombia iko nyuma yetu kwa saa saba, hivyo saa 2 usiku ya Kamembe, ukishaswali Isha, ni saa 7 mchana kule. Hispania huwa sawa nasi wakati wao wa kiangazi, na nyuma kwa saa moja wakati wa baridi. Kabla ya kuweka miadi hakikisha una njia ya kulipa inayokubalika huko na vifurushi vya intaneti vya kutosha kuonana kwa video.

Na mwalimu akishapatikana, kazi inabaki kwako. Zaid bin Thabit (r.a.) aliagizwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, na imepokewa na Tirmidhi kwamba aliyamudu kwa nusu mwezi. Sisi si Zaid, lakini dakika ishirini kila baada ya Alfajiri zinatuwezekana.

Tulipofikia

Mwezi uliopita nilisimama tena stendi ileile, nikamwelekeza mama mmoja wa Kihispania gari la Gisakura. Alinielewa. Nilikosea kitenzi kimoja, nikajisahihisha mwenyewe.

Tumebaki watatu. Yule dada wa Bugarama hakurudi, alisema hawezi kumwomba mama yake mara ya pili. Ninamrudishia fedha zake kidogo kidogo kutokana na vibarua vyangu. Nimelipa 10,000, zimebaki 5,000. Nafasi yake katika kikundi hatujampa mtu, nami nimemwambia hivyo.

Wewe unayetaka kujiunga, tunakutana kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Njoo ukae kipindi kimoja kwanza, usilipe. Hesabu umesahihishwa mara ngapi, kisha uamue.

Wabillahi tawfiq.