Mmea-mtungi umekauka nje: je, umekufa?

*Naishi kaskazini mwa Uingereza. Mmea wangu unaokula wadudu, aina ya Sarracenia purpurea, uko nje. Tangu Novemba mitungi yake imekuwa ya kahawia. Je, niuingize ndani? – Msomaji*

Mitungi kukauka wakati wa baridi si dalili ya kifo. Sarracenia purpurea ni mmea wa vinamasi vya mashariki mwa Marekani na Kanada, ambako katika sehemu nyingi theluji ni jambo la kila mwaka. Majira ya baridi mmea huu hupumzika, na pumziko hilo ni la lazima. Ukiwekwa sebuleni penye joto mwaka baada ya mwaka, hudhoofika.

Kinachoua zaidi ni maji ya bomba na mbolea. Vinamasi vya asili vina tindikali na rutuba kidogo mno, ndiyo maana mmea hutafuta naitrojeni kwa wadudu wanaozama mitungini. Chumvichumvi za maji ya bomba huunguza mizizi. Utumie maji ya mvua, na mboji ya kinamasi isiyotiwa chokaa wala mbolea, iwe na unyevu daima. Jua la kutwa ndilo huipa mitungi wekundu.

Mitungi iliyokauka ikatwe mwishoni mwa baridi. Kisha libonyezwe shina nene lililo usawa wa udongo: likiwa gumu, mmea u hai. Likiwa laini na kunuka, limeoza; sehemu isiyooza ikatwe na kupandwa upya, au mmea upelekwe kwa mkulima wa mimea hiyo auangalie. Mitungi mipya huchipua majira ya kuchipua.