Kitambi, Mchochota na Moyo: Kijitabu cha Nyumbani

Chukueni futi ya fundi cherehani, ile laini. Anayepimwa avue shati au ainue blauzi, asimame wima. Tafuteni kwa kidole ubavu wa chini kabisa, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Futi ipite katikati ya hapo, izunguke mwili bila kubana. Atoe pumzi taratibu, ndipo msome. Asivute tumbo ndani, maana atajidanganya mwenyewe. Saizi ya suruali haisaidii kitu: mwanamume mwenye kitambi hushusha mkanda chini ya tumbo, akaendelea kununua namba 34 ileile miaka nenda rudi huku kiuno chake kimeshavuka sentimita 100.

Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linatumia kipimo cha sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke asiye mjamzito. Aliyefika hapo asichekwe, wala asisifiwe kwamba mambo yake yamenyooka.

Kitambi hakilali

Mafuta ya mapajani na makalioni yana utulivu wake. Yanayozunguka utumbo na ini ni habari nyingine. Seli zake zikijaa kupita kiasi, hewa haizifikii vizuri na baadhi hufa. Chembe nyeupe za damu huja kuzizingira. Huo ndio mchochota, mwitiko uleule unaokifanya kidole kilichochomwa na mwiba kivimbe, kipate joto na kuuma. Mwiba wa kidoleni ukitoka, mambo yanaisha baada ya siku chache. Wa tumboni hautoki, kwa hiyo mchochota unaendelea miaka na miaka, bila maumivu wala homa ya kumshtua mtu.

Chembe hizo humwaga kemikali, zikiwemo TNF na interleukini-6. Damu itokayo tumboni huzipeleka moja kwa moja kwenye ini, nalo huanza kuingiza sukari na mafuta ya trigliseridi katika damu hata usiku ambapo mtu hajala. Misuli huacha kuitikia insulini sawasawa. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na insulini ikizidi, figo hubakiza chumvi mwilini. Presha inapanda.

Ndiyo maana matatizo haya huandamana. Daktari akikuta matatu kati ya matano yafuatayo, huyaita sindromu ya kimetaboli: kiuno kilichozidi, presha ya 130/85 au zaidi, hata ikiwa ni namba moja tu iliyofika hapo, sukari ya asubuhi kabla ya kula ya 5.6 au zaidi (namba hii na zinazofuata ni milimoli kwa lita). Trigliseridi ya 1.7 au zaidi. Na lehemu nzuri, yaani HDL, iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Anayemeza dawa ya presha huhesabiwa kuwa nayo hata kama kipimo cha leo kimeshuka.

Njia ya kufika moyoni

Lehemu mbaya, LDL, hupenya ndani ya ukuta wa mshipa. Chembe nyeupe huimeza mpaka zikafia humohumo, zikaacha uji wa mafuta uliofunikwa na utando. Mchochota huulegeza utando huo. Siku ukipasuka, damu huganda juu yake ndani ya muda mfupi tu: kwenye mshipa wa moyo ni mshtuko wa moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. Mshipa si lazima uwe ulikuwa umebanwa sana kabla ya hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kucheza bao jioni akiwa mzima na kuanguka alfajiri, na nyumba nyingi hapo huanza kutafuta nani kamroga.

Wataalamu walibishana muda mrefu kama mchochota ni kisababishi cha maradhi ya moyo au ni dalili tu. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa CANTOS, uliohusisha watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Sindano ya kanakinumabu, inayopunguza mchochota bila kushusha lehemu, ilipunguza mishtuko, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15 kwa dozi ya miligramu 150. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka. Mwili unauhitaji mchochota upigane na vijidudu. Kuuzima tu hakufai.

Msikimbilie duka la dawa

Hapa ndipo watu wanapoumia. Akisikia neno mchochota, mtu huenda kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo hutuliza goti, lakini zikimezwa kwa muda mrefu hupandisha presha, huumiza figo na huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Deksamethasoni, ambayo wengine huinunua ili wanenepe, hupandisha sukari na kujaza mafuta tumboni hapohapo. Tangawizi na kitunguu saumu viwekeni kwenye mchuzi, visichukue nafasi ya kidonge cha presha. Statini hushusha lehemu na mchochota kwa pamoja, lakini huandikwa na daktari.

Kipimo cha damu cha CRP huonyesha mchochota, ila malaria au mafua tu hukipandisha. Fedha hiyo ni afadhali ianze na presha, sukari na lehemu.

Nyumbani

Anayepunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake hupunguza mchochota pia. Kwa mtu wa kilo 90 ni kama kilo 5 hadi 9. Soda ya mililita 500 ina sukari ya gramu 50 hivi, kwa hiyo ianze kuondoka hiyo. Kuleni dona badala ya sembe, pamoja na maharage au kunde, mchicha, dagaa na vibua. Tembeeni dakika 10 hadi 15 baada ya chakula cha jioni: misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata kama insulini inasuasua.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku. Andikeni tarehe kwenye pakiti ya nusu kilo mnapoifungua. Nyumba ya watu wazima 5 ikiimaliza kabla ya siku 20, imevuka, na hapo hamjahesabu chipsi za barabarani.

Sigara huchochea mchochota, moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha vilevile. Fizi zinazotoka damu ni mchochota unaoonekana kwa macho. Nendeni kwa daktari wa meno.

Mwenye VVU anayemeza ARV vizuri bado hubaki na mchochota kiasi. Utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliofanyika katika nchi kadhaa ikiwemo Uganda, uliwapa pitavastatini watu wa miaka 40 hadi 75 wenye VVU, na matukio makubwa ya moyo na mishipa yakapungua kwa asilimia 35. Mwenye umri huo aulize kuhusu statini kliniki anakochukulia dawa.

Hatari

Kifua kubana, maumivu kuelekea mkono, taya au mgongo, jasho jembamba. Au ghafla mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukatika: mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu, sasa hivi, hata kama dalili zimeanza kupungua. Aliyepooza ghafla msimpe maji wala chakula, anaweza kupaliwa. Andikeni saa dalili zilipoanza, maana daktari ataiuliza.