SOMO LA FEDHA: NAMNA YA KUOMBA KIKOMO CHA MKOPO KIONGEZWE



Kila unapokaribia msimu wa kuchuma, swali moja hurudi vinywani mwa wakulima wetu: "Mwaka jana nilikopeshwa kiasi fulani, nami nikalipa chote. Mwaka huu karafuu ni nyingi, wachumaji wanataka ujira wao, majamvi ya kuanikia yamechakaa. Je, nifanyeje ili nikopeshwe zaidi?" Swali hili ni jema, na jibu lake si gumu, lakini lina utaratibu wake. Somo la leo ni juu ya utaratibu huo.

Mfano wetu hautoki Unguja wala Pemba. Unatoka Nansio, mji mkubwa wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Mwandishi wa somo hili amekaa huko kwa biashara ya viungo, akajionea kwamba mchuuzi wa dagaa na mkulima wa karafuu ni ndugu wa hali moja. Wote wawili ni watu wa kisiwani, na wote hungoja jua, maana dagaa asiyekauka huoza, na karafuu isiyokauka huharibika. Tena wote wawili hupata fedha kwa msimu, si kwa mwisho wa mwezi kama karani wa ofisini.

KIKOMO NI KITU GANI?

Kikomo cha mkopo ni kiasi cha juu kabisa ambacho mkopeshaji amekubali kukukopesha. Kwa mwenye kadi ya mkopo ya benki, kikomo ni jumla ya fedha anazoweza kutumia kabla hajalipa. Kadi za namna hii si za jana. Kadi ya Diners Club ilianza New York mwaka 1950, na Benki ya Marekani iitwayo Bank of America ilianza kutoa yake katika mji wa Fresno mwaka 1958. Kwetu Tanzania wenye kadi hizo ni wachache. Wengi wetu kikomo tunakikuta katika SACCOS, katika mkopo wa benki, au katika simu ya mkononi.

Mkopo wa simu nao una historia yake. Kenya walianza M-Shwari mwaka 2012, na Tanzania ikapata M-Pawa mwaka 2014. Hapo mtu huanza na kiasi kidogo, na kila anapoweka akiba na kulipa kwa wakati, kiasi chake hupanda.

Basi, iwe kadi, iwe SACCOS, iwe simu, msingi ni ule ule. Mkopeshaji hujiuliza maswali matatu: Mtu huyu alilipaje zamani? Anapata kiasi gani sasa? Akishindwa, nitapata wapi fedha yangu? Anayeomba kuongezewa sharti awe na majibu ya maswali hayo kabla hajatoka nyumbani.

MAMA MCHUUZI WA NANSIO

Mama mmoja wa Nansio hununua dagaa mwaloni, huwaanika, kisha huwapeleka Mwanza kwa meli kuwauza katika soko la Kirumba. Alikuwa mwanachama wa SACCOS, na akiba yake ilikuwa shilingi 1,000,000. Sheria ndogo za chama chake zilimruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Kwa hiyo kikomo chake kilikuwa shilingi 3,000,000. Alikopa, akalipa kwa miezi 12 bila kuchelewa hata mara moja. Ndipo akaenda kuomba shilingi 5,000,000.

Afisa mikopo alikuwa kijana, akamkaribisha kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja mniongezee mkopo. Nilimaliza deni lenu vizuri."

"Kweli mama, daftari linaonyesha. Lakini nieleze, mwezi mzuri unabakiwa na kiasi gani baada ya chakula na ada za watoto?"

"Laki tisa hivi."

"Na mwezi mbaya?"

Mama akanyamaza kidogo. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. "Mwezi wa mvua dagaa hawakauki," akasema. "Na mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hawaendi na taa zao, dagaa hawapatikani. Mwezi kama huo nikibakiwa na laki tatu, namshukuru Mungu."

"Basi mama, tupige hesabu kwa mwezi huo."

HESABU YENYEWE

Ndugu msomaji, chukua kalamu nawe ufuate. Riba ya chama kile ilikuwa asilimia 1.5 kwa mwezi, juu ya deni lililobaki.

Kwanza, shilingi 5,000,000 kwa akiba ya mara tatu zataka akiba ya shilingi 1,666,667. Mama alikuwa na 1,000,000 tu. Hapo pekee ombi lake lingerudishwa.

Pili, tuseme angeongeza akiba hadi 1,500,000 na kuomba 4,500,000 kwa miezi 12. Kila mwezi angelipa 375,000 za deni, na riba ya mwezi wa kwanza ingekuwa 67,500. Jumla ni 442,500. Mwezi wa mvua ana 300,000. Angepungukiwa na shilingi 142,500, na mwezi wa kwanza wa mvua ungemwingiza katika orodha ya wadaiwa wabaya.

Tatu, wakajaribu shilingi 3,600,000 kwa miezi 15. Kila mwezi ni 240,000 za deni, na riba ya mwezi wa kwanza ni 54,000. Jumla ni 294,000. Kiasi hiki kinaingia ndani ya laki tatu za mwezi mbaya, na kila mwezi kinapungua kwa shilingi 3,600 kwa sababu deni linashuka. Riba yote ya miezi 15 ni shilingi 432,000. Akiba iliyotakiwa ilikuwa 1,200,000, basi mama aliongeza shilingi 200,000 tu.

Mama alitoka na ongezeko la shilingi 600,000, si milioni mbili alizozitaka. Hakufurahi siku ile. Lakini mvua zilipokuja alilipa, na chombo cha mumewe, ambacho kilikuwa dhamana, hakikuguswa. Mwaka uliofuata aliomba tena, akakubaliwa bila maneno mengi.

Mafunzo ya hesabu hii ni moja: PIMA MKOPO KWA MWEZI MBAYA, USIUPIME KWA MWEZI MZURI.

MKULIMA WA KARAFUU AFANYEJE?

Mwezi mbaya wetu sisi ni ile miezi ambayo mikarafuu haina kitu. Tena twajua kwamba mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa uchache. Kwa hiyo mkulima asiombe kikomo cha mwaka wa neema na kukilipa katika mwaka wa uchache. Yafaa afanye mambo haya:

1. Akusanye stakabadhi za mauzo ya karafuu za misimu mitatu au zaidi, pamoja na ule uliokuwa mbaya. Mkopeshaji akiona umeleta na mwaka mbaya, atakuamini zaidi.

2. Aandike mapato mengine: nazi, muhogo, ng'ombe, duka, mshahara wa mtoto anayesaidia nyumba.

3. Amalize au apunguze deni la zamani kwanza. Mwenye kadi asiwe ameitumia mpaka ukingoni kila mwezi, maana mkopeshaji huona kwamba mtu huyu ana dhiki.

4. Apitishe mauzo yake katika akaunti. Fedha iliyofichwa chini ya godoro haimshuhudii mtu.

5. Aombe mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya kuchuma. Anayeomba wakati wachumaji wamekwisha panda mitini huonekana amebanwa, naye hukubali sharti lolote.

6. Aombe marejesho yafuate msimu, yaani kiasi kidogo katika miezi mikavu na kikubwa baada ya kuuza. Hili lazima liandikwe katika mkataba. Ahadi ya mdomo si mkataba.

Kwa asiyetaka riba, benki kadhaa zina huduma za Kiislamu. PBZ inazo, na CRDB nayo inayo huduma yake ya Al Barakah. Katika njia ya murabaha benki hununua kitu unachokihitaji na kukuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, nawe ukalipa kidogo kidogo. Hata huko kipo kikomo, na hesabu ya mwezi mbaya ni ile ile.

BARUA YA KUOMBA

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja, isiyo na malalamiko. Mfano ni huu:

"Kwa Meneja. YAH: OMBI LA KUONGEZEWA KIKOMO CHA MKOPO. Mimi ni mteja wenu, akaunti namba (andika namba). Kikomo changu cha sasa ni shilingi 3,000,000. Naomba kiongezwe kiwe shilingi 3,600,000. Fedha hizi ni za kulipa wachumaji na kununua majamvi ya kuanikia. Mkopo uliopita niliulipa wote kwa wakati. Naambatisha stakabadhi za mauzo za misimu mitatu, taarifa ya akaunti ya miezi sita, na majina ya wadhamini wawili. Naomba marejesho yafuate msimu wa mauzo. Wako mtiifu."

Angalieni kwamba barua hii inataja kiasi kamili, kazi ya fedha, na namna ya kulipa. Barua isemayo "naomba mnifikirie" haimpi meneja kitu cha kufikiri. Weka nakala yako, na uombe muhuri wa tarehe waliyoipokea.

WAKIKATAA

Kukataliwa si aibu. Uliza sababu kwa upole, tena iandikwe. Huenda ni akiba ndogo, huenda mdhamini wako mwenyewe ana deni, huenda jina lako limeandikwa vibaya mahali. Tangu mwaka 2013 Benki Kuu ya Tanzania imetoa leseni kwa kampuni za taarifa za wakopaji, na wakopeshaji huangalia huko. Mkopaji ana haki ya kuomba kuona taarifa zake. Ukikuta deni ulilokwisha lipa bado limeandikwa, peleka stakabadhi lisahihishwe. Ndiyo sababu stakabadhi ya malipo ya mwisho haitupwi. Ikiwa benki haitengenezi mambo baada ya kuiandikia, Benki Kuu inalo dawati la malalamiko.

Usikimbilie kuomba kwa wakopeshaji watano siku moja. Ngoja miezi kadhaa, tengeneza kasoro uliyoambiwa, kisha rudi.

TAHADHARI

Mtu akikupigia simu akasema, "Tuma ada kidogo tukupandishie kikomo," au akikuuliza namba yako ya siri, huyo ni mwizi. Benki ya kweli haiulizi namba ya siri ya mteja, wala wakala hana haki ya kuijua.

Tena tusisahau yaliyowapata wazee wetu. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa kwa madeni, hata mwaka 1934 serikali ikabidi kutoa amri za kuzuia mashamba yasiwatoke wenyewe. Wazee wale hawakuwa wajinga. Walikopa kwa bei ya mwaka wa neema, na bei ikaanguka. Deni halikuanguka pamoja nayo.

Kikomo kikubwa si mapato makubwa. Ni ruhusa tu ya kudaiwa zaidi. Anayekiomba kwa kazi inayozaa, akakipima kwa mwezi mbaya, kitamsaidia. Anayekiomba kwa ajili ya harusi ya kujionyesha, shamba la watoto wake ndilo litakalolipa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika mwezi wako mbaya kabisa, unabakiwa na shilingi ngapi?

2. Akiba yako ni 800,000 na chama chako hukopesha mara tatu. Kikomo chako ni kiasi gani?

3. Ukikopa kiasi hicho kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza utalipa kiasi gani?

(Majibu ya swali la 2 na la 3: shilingi 2,400,000, na shilingi 236,000. Jibu la swali la 1 unalo wewe mwenyewe, na ndilo kubwa kuliko yote.)