Bolti ya breki imekula nyuzi za kalipa

SWALI: Fundi hapa Makambako amekaza bolti ya hosi ya breki mpaka nyuzi za kalipa zimeliwa. Kazungushia tepu ya mabomba. Naweza kwenda na gari hivyo hivyo Njombe?

JIBU: Usilitoe gari hapo, ndugu yangu. Kinachozuia mafuta ni washa za shaba, si nyuzi. Bolti isiposhika, washa hazibanwi, na tepu haisaidii kitu. Ukikanyaga breki mteremkoni, mafuta yanamwagika, pedeli inazama. Fungua uitazame bolti: ikiwa ndiyo iliyoisha na tundu ni zima, nunua bolti na washa mpya tu. Tundu likiwa limeliwa, badilisha kalipa. Ya mtumba inafaa ikiwa pistoni inarudi na raba hazijapasuka. Ila iwe ya upande uleule: ukifunga ya kushoto kulia, nipeli ya kutolea upepo inakaa chini na hewa haitoki.