SOMO: Mifupa ya Lothagam Yatufunza Nini?

Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana, leo ni jangwa. Miaka kama milioni 7 iliyopita palipita mto mkubwa. Twajuaje? Imebaki mifupa ya samaki, mamba na viboko, iliyogeuka mawe. Meno ya wanyama wala majani nayo yaonyesha nyasi zilivyoenea polepole, kwa mamilioni ya miaka. Lakini sisi na panga letu twaacha kilima uchi kwa msimu mmoja tu!

Basi tukiona mfupa wa jiwe tusiung'oe. Mahali ulipolala ndipo penye habari. Sheria ya mwaka 2006 yatutaka tuarifu Makumbusho ya Taifa.

Tujadiliane:
1. Wazee wakumbuka kijito gani kilichokauka hapa kwetu?
2. Tutapanda miti wapi kabla ya mvua?