Maneno Machache ya Kukushibisha Japani

Kula vizuri Tokyo au Osaka hakuhitaji Kijapani kingi wala mfuko mnene. Migahawa ya watu wa kawaida ina misimu yake mifupi ya lugha, nawe ukiijua hutakaa na njaa.

1. Lipa kabla ya kukaa. Maduka mengi ya rameni, tambi za mchuzi, yana mashine mlangoni: tia pesa, bonyeza kitufe, chukua tiketi, mpe mpishi. Kama husomi Kijapani, jaribu kitufe cha juu kushoto; mara nyingi ndicho chakula kinachosifika hapo.

2. Jua unataka tambi ngumu kiasi gani. Kwenye rameni ya Hakata, mjini Fukuoka, utaulizwa. Kata ni ngumu, barikata ngumu zaidi, na harigane (yaani waya!) zimechovywa tu majini zikatolewa. Mimi naishia kata. Tambi zikiisha mchuzi ukabaki, sema kaedama, uongezewe tambi tupu kwa pesa kidogo. Kwa hiyo usiumalize mchuzi mapema. Zivute kwa sauti upendavyo, hakuna atakayekukodolea macho. Ila tahadhari: mchuzi huo, tonkotsu, ni wa mifupa ya nguruwe. Asiyemla atafute duka la halali. Siku hizi yapo.

3. Una haraka? Gyudon. Ni bakuli la wali lililofunikwa nyama nyembamba ya ng'ombe na vitunguu. Migahawa ya Yoshinoya inaiuza tangu 1899, ilipoanzia soko la samaki la Nihonbashi, Tokyo. Mpenda mchuzi aseme tsuyudaku, aongezewe.

4. Usigombane kwa sababu ya kisahani. Ukiketi izakaya, baa ya vitafunio, utaletewa kitu kidogo ambacho hukuagiza. Kinaitwa otoshi na kitaonekana kwenye bili, mara nyingi yen 300 hadi 500. Hujaibiwa, hicho ndicho kiingilio. Wenzako watapaza sauti, "Toriaezu biiru!", yaani tuanze na bia, mengine baadaye. Kama hunywi pombe, agiza uuroncha, chai baridi, ugonge nao glasi bila maneno.

5. Usijifanye mpishi wa sushi. Wao huiita chai agari na sosi ya soya murasaki, na wageni wengi hupenda kuyatumia maneno hayo ili waonekane wajuzi. Ni lugha ya nyuma ya kaunta, waachie wenyewe. Hata oaiso, neno la bili, lilikuwa la wenye duka. Wewe sema okaikei.

6. Mishikaki ya kushikatsu Osaka: ukikuta chombo cha sosi cha wote, chovya mara moja tu, kabla hujang'ata. Hapo hakuna mjadala.

7. Vijiti usivisimamishe kwenye wali. Ni ishara ya msiba.

8. Ukiondoka, sema gochisosama, yaani asante kwa chakula, lisikike neno hilo hadi jikoni. Bakshishi usiache: kuna uwezekano mkubwa mhudumu akukimbilie barabarani kukurudishia chenji yako.