Mfuko wa mbolea wenye bei ndogo waweza kuwa ghali

WANUNUZI wengi wa mbolea wafikapo dukani huuliza swali moja tu: mfuko shilingi ngapi? Swali hilo halitoshi. Mahindi hayalishwi na mfuko bali na virutubisho vilivyomo ndani yake, na mifuko miwili ya kilo 50 inaweza kupishana kwa zaidi ya mara mbili.

Kwa mwekezaji mdogo anayekodi ekari chache, au mwenye duka la pembejeo anayeulizwa ushauri na wateja, zipo hesabu tatu za kufanya kabla ya kutoa fedha.

Ukubwa wa shamba

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Vijijini hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho ni sahihi iwapo kila hatua ni yadi moja, yaani sentimita 91. Mtu akitembea kwa hatua za sentimita 75, upande mmoja unakuwa mita 52.5 na eneo lote mita za mraba 2,756. Hiyo ni zaidi kidogo tu ya theluthi mbili za ekari.

Hasara yake ni ya pande mbili. Mpangaji amelipia kodi ya ekari nzima, kisha ananunua mbegu na mbolea ya ekari nzima kwa eneo ambalo halifiki. Kamba ya mita 64 kwa kila upande humaliza ubishi kabla ya mkataba kuandikwa.

Namba za kwenye mfuko

Namba tatu zilizochapishwa kwenye mfuko ni asilimia za naitrojeni, fosfati na potashi, kwa mpangilio huo. DAP yenye 18-46-0, katika kilo 50, ina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Urea ina naitrojeni asilimia 46, sawa na kilo 23 kwa mfuko. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13, na SA ya asilimia 21 ina kilo 10.5.

Tuchukue bei za mfano: Urea sh. 70,000, CAN sh. 60,000 na SA sh. 45,000 kwa mfuko. Ukigawa bei kwa kilo za naitrojeni, kilo moja katika Urea inagharimu sh. 3,043, katika SA sh. 4,286 na katika CAN sh. 4,615. Mfuko uliokuwa na bei kubwa kuliko yote ndio unaouza naitrojeni kwa bei nafuu.

Sasa tuseme bwana shamba, baada ya udongo kupimwa, ameshauri kilo 40 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati kwa ekari. Mfuko mmoja wa DAP unamaliza fosfati yote na kuleta kilo 9 za naitrojeni. Zinabaki kilo 31. Kwa Urea, 31 gawa kwa 0.46 ni kilo 67.4, sawa na sh. 94,360. Kwa CAN, 31 gawa kwa 0.26 ni kilo 119.2, sawa na sh. 143,040. Tofauti ni sh. 48,680 kwa ekari. Kwa ekari kumi ni sh. 486,800.

Hata hivyo, bei si kila kitu. Urea ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani kama gesi, na faida ya bei hupotea nayo. CAN hustahimili zaidi kuachwa juu. SA huongeza salfa, lakini ikitumika mwaka hadi mwaka huzidisha tindikali ya udongo. Asiye na vibarua wa kufukia Urea aingize hilo katika hesabu yake.

Kipimo cha kila shimo

Hapa ndipo wengi huishiwa mbolea katikati ya shamba. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ekari ina mashimo yapatayo 18,000. Kilo 50 za DAP zikigawanywa humo, kila shimo linapata gramu 2.8. Kizibo cha soda, ambacho ndicho kipimo cha vibarua wengi, huchukua gramu tano hivi. Kwa kizibo kimoja kila shimo, mfuko utatosha mashimo 10,000 tu, na mashimo 8,000 yatabaki bila kitu.

Nafasi ikiwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, idadi ya mimea haibadiliki lakini mashimo yanakuwa 9,000. Kila shimo linapata gramu 5.6, na kizibo kimoja kilichojaa vema kinakaribia kipimo. Njia ya uhakika ni kujaza vizibo 100 vya mbolea itakayotumika na kuvipima kwa mizani ya dukani. Uzito huo kwa gramu, ukigawa kwa 100, ndio kipimo cha kizibo kimoja.

Kwa mwenye duka, hesabu hizi ni mtaji. Mteja aliyeuziwa mbolea kwa kiasi kinacholingana na shamba lake hurudi msimu unaofuata. Aliyeuziwa mfuko kwa sababu tu bei yake ni ndogo, mavuno yakipungua, hulaumu duka.